Barizi: Mlo Uliokosa Jina

Mlo wa kabla ya alfajiri, mwezi wa Ramadhani, una jina lake: daku. Wa magharibi una lake: futari. Wa asubuhi una majina ya kuchagua: staftahi, lililotoka kwenye Kiarabu cha kufungua, na kiamshakinywa, tulilolifinyanga wenyewe. Lakini mlo huu nilioketi nao Mji wa Kale, Mombasa, saa nane za mchana, bahari mbele yangu na Ngome ya Yesu mkono wa kulia, hauna jina. Tunauita chakula cha mchana, kama mtu anayeitwa "mtoto wa fulani" maisha yake yote.

Wapo waliojaribu. Tanzania wana chamcha, ndugu yake chajio. Ni maneno yaliyokatwa vipande yakaungwa, na yana haki yake: jina la mkato kwa mlo wa mkato. Anayerudi kazini saa nane kamili na ale chamcha. Mimi sina haraka. Tena kisiwani humu wazee wa Kimvita husema mtana, si mchana. Chamcha halina pa kushika.

Na mahali penyewe tupaiteje? Kenya tunasema hoteli, kisha ukitaka kitanda huna budi kuongeza "ya kulala". Mkahawa ni bora, ingawa lina kahawa tumboni na tumelibebesha wali na samaki. Watanzania husema mgahawa, kwa g ile ya Waarabu wa Ghuba wanaosema gahwa. Ila kahawa tungu ya Mji wa Kale ina makao yake: dele juu ya makaa, vikombe vidogo, watu barazani.

Wareno walioanza kuijenga ngome hii mwaka 1593 walituachia meza. Sisi tulikuwa na meza yetu tayari, kitenzi cha kupitisha tonge kooni. Asili mbili, sauti moja, na mezani pakawa ndipo pa kumeza. Wagiriki, mabingwa wa kula polepole kando ya bahari, huviita visahani vyao vya kuonja meze, neno wanaloshirikiana na Waturuki na ambalo chimbuko lake ni ladha katika Kiajemi. Halina undugu na meza zetu, lakini sikio hufurahi. Bajia na viazi vya karai vinavyotangulia mlo tuviite vionjo, tuachane na "stata".

Wazee hawakupanga meza; waliandika meza. Kuandika ni kuweka vitu kwa taratibu, ziwe herufi au sahani. Tunapoagiza kwa "weita" tunausahau utajiri huo. Mhudumu ni neno jema, ila huhudumu benki na hospitalini pia. Kutokana na kuandaa tunaweza kumpata mwandazi, dada wa andazi, mwenye harufu ya jikoni.

Samaki amefika. Tenzi za kale humwita nswi, jina la Kibantu ambalo samaki wa Kiarabu amelisukuma pembeni, tusiliache lizame. Huyu ni wa kupaka, na hapo sina la kurekebisha: jina ndilo pishi. Anachomwa huku akipakwa tui zito, tena na tena, na anayelijua neno amekwisha kujua nusu ya kazi.

Cha mwisho shule hutufundisha kukiita kitindamlo, kwa mfano wa kitindamimba. Kutinda ni kukata. Anachochinja Mwunguja, Mmvita hutinda. Neno la darasani, kumbe lina damu ya Mombasa. Hata hivyo mlo huu haukatiki. Halua imekuja, ikafuatwa na kahawa, na hakuna aliyeinuka.

Ya kumpa mwandazi tusiite "ya chai", kwani rushwa imekwisha kulichafua. Tunayo bakshishi, ya Kiajemi, ambayo mzizi wake ni kutoa tu.

Nimepima kupunga upepo kuwa jina la mlo wenyewe. Ni zuri: upepo, pepo na Peponi ni ukoo mmoja. Lakini upepo mtu huupunga hata akiwa peke yake, akitembea. Kilichopo hapa ni kuketi, tena na wenzako. Kwa hiyo nachagua kubarizi, kitenzi cha Kiarabu cha kutoka nje na kudhihiri, kilichotupa baraza, benchi la mawe mlangoni ambako mazungumzo hayana saa. Mlo tuuite mlo wa barizi. Mahali pake, kwa mfano wa kimbilio na tegemeo, tupaite barizio. Ukilisema neno hilo, unajua kwamba utakaa.

Nilipoketi maji yalikuwa yamejaa, yakigonga mawe chini yetu. Sasa yanakupwa, mwamba umetokeza, na mashua moja imelalia ubavu kwenye tope. Hapo ndipo neno pwani lilipozaliwa: ni pale maji yalipokupwa. Tunalitamka kila siku bila kuliona, kwa kuwa kuliona hutaka muda. Aliyekula chamcha aliondoka bahari ingali imejaa.