Bia ya siagi: ilipikwa London miaka mia nne kabla ya Harry Potter

Januari 1580 meli ya baharia Mwingereza Francis Drake, Golden Hind, ilipanda mwamba karibu na kisiwa cha Sulawesi, ambacho leo ni sehemu ya Indonesia. Usiku kucha haikutikisika. Ili kuipunguzia uzito, mabaharia walitupa baharini mizinga minane na tani tatu za karafuu, yaani karibu nusu ya shehena waliyoinunua miezi miwili hivi nyuma kwa Sultani Babullah wa Ternate. Upepo ulipogeuka meli iliteleza ikajinasua, na Septemba mwaka huohuo ikatia nanga Plymouth, Uingereza, na karafuu zilizosalia.

Karafuu wakati huo haikuwa na nyumba nyingine duniani. Mkarafuu uliota katika visiwa vichache vya Maluku, na kungumanga katika visiwa vidogo vya Banda, kusini ya hapo. Zanzibar na Pemba hazikuwa na mti hata mmoja. Kila tumba la karafuu lililofika sokoni London lilikuwa limepita mikononi mwa Wareno au wachuuzi wengine wengi, na kila mmoja aliongeza chake kwenye bei. Ndiyo maana inashangaza kuikuta karafuu hiyo ikisagwa na kumwagwa ndani ya chungu cha bia.

Mwaka 1594 kilichapishwa London kitabu cha mapishi kiitwacho The Good Huswifes Handmaide for the Kitchin. Ndani yake mna maelekezo mafupi ya kupika bia ya siagi. Mpishi anaambiwa achukue painti tatu za bia, ambazo ni kama lita moja na nusu, achanganye na viini vitano vya mayai, achuje, kisha aweke motoni katika chombo cha bati. Atie nusu ratili ya sukari, karibu robo kilo kwa vipimo vyetu. Atie kungumanga iliyopondwa ya thamani ya peni moja, karafuu ya peni moja, na tangawizi ya nusu peni. Achukue chombo cha pili, amimine kutoka hiki kwenda kile, arudishe motoni. Mchanganyiko ukikaribia kuchemka, aepue, atie siagi isiyo na chumvi, amimine tena huku na huku mpaka vyote vishikane.

Mtu yeyote aliyewahi kumwona muuza chai akipandisha na kushusha maziwa kati ya vikombe viwili ataielewa kazi hiyo mara moja. Kumimina kunaingiza hewa, kunaleta povu, na kunazuia siagi isielee juu kama mafuta ya mchuzi. Sharti la kuepua kabla ya kuchemka nalo lina sababu: kiini cha yai huanza kuganda kabla maji hayajachemka, na aliyezubaa atajikuta na mayai ya kuvuruga ndani ya bia. Aliyeandika maelekezo yale hakuwa na kipimajoto wala hakujua kemia, lakini alijua wapi chungu kinaharibikia.

Zingatia pia hesabu ya pesa. Tangawizi inatajwa kwa nusu peni kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko wenzake. Sukari ndiyo iliyouma. Nusu ratili ilikaribia ujira wa siku nzima wa kibarua wa London. Sehemu ya sukari hiyo ilitoka Morocco, ambako Waingereza walikuwa wameanzisha kampuni ya biashara mwaka 1585, na nyingine ilitoka visiwa vya Wareno na Wahispania katika Atlantiki na Brazil, kwenye mashamba yaliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Mwaka huohuo wa 1594 ndipo mvua zilipoanza kuharibu mavuno ya Uingereza, na njaa ikaendelea misimu kadhaa. Bia ya siagi haikuwa kinywaji cha maskini. Ilikuwa ya nyumba yenye akiba, iliyoweza kufungia viungo kabatini. Malkia Elizabeth wa Kwanza mwenyewe alipenda vitamu kiasi kwamba Mjerumani aliyemwona mwaka 1598, Paul Hentzner, aliandika kuwa meno yake yalikuwa meusi, na akailaumu sukari ambayo Waingereza waliila bila kiasi.

Bia yenyewe, kwa upande mwingine, ilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Ilinywewa asubuhi, mchana na jioni, na watoto walipewa ile dhaifu. Simulizi ya kwamba watu wa enzi zile hawakuthubutu kunywa maji imetiwa chumvi, maji waliyanywa. Ila bia ilikuwa na nguvu ya nafaka ndani yake, na baridi ya majira ya kule ilihitaji kitu cha kupasha tumbo. Ikiongezwa mayai, siagi na sukari, ikawa nusu chakula, nusu dawa. Wengi waliinywa kwa ajili ya kikohozi na sauti iliyokauka. Tangawizi na karafuu tunazozitumia sisi kwa mafua zilikuwa na kazi hiyohiyo huko.

Miaka sabini baadaye kinywaji kilikuwa bado kipo. Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini la Uingereza ambaye shajara yake ni hazina ya maisha ya London, anaandika Desemba 1662 juu ya kunywa bia ya siagi asubuhi, siku ya theluji na baridi kali. Lakini Pepys huyohuyo, Septemba 1660, alikuwa ameshaagiza kikombe cha kinywaji kigeni kutoka China ambacho hakuwahi kukionja kabla. Kilikuwa chai. Nyumba ya kwanza ya kahawa London ilikuwa imefunguliwa mwaka 1652. Chokoleti nayo ilikuwa njiani. Ndani ya maisha ya mtu mmoja vilikutana kinywaji kinachoondoka na vinywaji vinavyoingia.

Chai na kahawa zilishinda kwa sababu nyepesi. Hazikuhitaji mayai wala vyombo viwili, hazikulewesha, na sukari ilizidi kushuka bei kadiri mashamba ya Karibi yalivyopanuka kwa jasho la watumwa. Bia ya siagi ikarudi nyuma taratibu, ikabaki kwenye vitabu vya zamani. Binamu yake mmoja, pombe kali ya miwa iliyochemshwa kwa siagi na viungo, anaendelea kuishi Marekani hadi leo katika majira ya baridi. Na ladha ya siagi iliyopikwa na sukari ikahamia kwenye peremende: mwaka 1817 Samuel Parkinson alianza kutengeneza butterscotch katika mji wa Doncaster, na peremende hiyo ikaupa mji ule umaarufu.

Hapa ndipo historia inapotuchezea sisi wa pwani. Karafuu ilitoroshwa Maluku na Wafaransa, ikapandwa Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar. Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeileta ni Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, alipouona utajiri wa zao hilo aliwalazimisha wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na watu waliotekwa bara wakaletwa kwa maelfu kuihudumia. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika usukani, na visiwa hivi viwili vikaendelea kuilisha dunia karafuu kwa miongo mingi. Karafuu iliyokuwa adimu kuliko karibu kila kitu jikoni ikawa kitu cha kununua bila kufikiri mara mbili. Ila kufikia hapo Mwingereza alishaisahau bia yake ya siagi na alikuwa anachovya biskuti kwenye chai.

Ilikaa hivyo mpaka Julai 1999, J. K. Rowling alipotoa kitabu cha tatu cha Harry Potter, Harry Potter and the Prisoner of Azkaban. Wanafunzi wa shule ya uchawi wanashuka kijijini Hogsmeade siku ya baridi, wanaingia kilabu cha Three Broomsticks na kupewa vikombe vikubwa vya Butterbeer ya moto yenye povu, inayopasha mwili mzima. Katika kitabu cha nne, cha mwaka 2000, tunaelezwa kuwa ina kilevi kidogo: haimdhuru mwanadamu, lakini Winky, kijakazi wa jamii ya vijini vya nyumbani, anaendekeza kuinywa baada ya kufukuzwa kazi hadi anakuwa mlevi. Ni sehemu ya huzuni ambayo filamu ziliiacha. Filamu ya mwaka 2009 ikatupa badala yake Hermione mwenye masharubu ya povu.

Mwaka 2002 Rowling aliliambia jarida la mapishi la Marekani, Bon Appétit, kuwa kinywaji hicho amekitunga mwenyewe, na kwamba anakiwazia kina ladha ya butterscotch isiyokinaisha sana. Siwezi kumbishia alichokiwaza. Ila ni mwandishi aliyejaza vitabu vyake vitu vya kale vilivyokuwapo kweli, kuanzia Nicolas Flamel, Mfaransa wa karne ya 14 aliyezushiwa kuwa mtengeneza dhahabu, hadi mizizi ya mandrake iliyosemwa kulia inapong'olewa. Bia ya siagi inakaa vizuri katika kundi hilo, ajue au asijue.

Wasomaji walianza kuipika majumbani kabla ya kampuni yoyote. Kisha Juni 18, 2010 bustani ya Harry Potter ya Universal ilifunguliwa Orlando, Florida, na kinywaji rasmi kikaanza kuuzwa. Wapishi wa bustani walikuwa wamempelekea Rowling vionjo Scotland ili atoe idhini. Hakina pombe, na kinatiwa povu zito juu. Katika mwaka wa kwanza viliuzwa zaidi ya vikombe milioni moja. Jambo la kuchekesha ni kwamba kilianza kikiwa baridi na kingine kikiwa barafu ya kusaga, kwa sababu Florida ni joto. Cha moto kama cha kitabuni kilifuata baadaye. Viambato vyake ni siri. Kwa maoni yangu siri hiyo haifai kumnyima mtu usingizi, kwa kuwa kinywaji cha bustani ni soda tamu yenye harufu ya peremende. Cha mwaka 1594 kina akili zaidi, na jiko la pwani lina karibu kila kinachohitajika.

Kwa vikombe vinne, chemsha karafuu nne na kijiko kidogo cha tangawizi kavu ya unga katika nusu kikombe cha maji kwa dakika tano, kisha chuja. Tumia tangawizi kavu, au kama ni mbichi hakikisha imechemka vizuri katika maji hayo, kwa sababu tangawizi mbichi hukata maziwa. Katika sufuria nyingine yeyusha vijiko viwili vya mezani vya siagi kwa moto mdogo, tia vijiko sita vya sukari ya kahawia na chembe ya chumvi, koroga mpaka itokote na kutoa harufu nzito. Mimina yale maji ya viungo polepole ukiwa umejitenga kidogo, maana yataruka. Tia vikombe vitatu na nusu vya maziwa, pasha bila kuchemsha. Ukipenda sukari guru, na mimi ninaipendekeza, iyeyushe hivyohivyo lakini acha ipoe kidogo kabla ya maziwa, la sivyo yatakatika.

Sasa mayai. Piga viini viwili ndani ya bakuli, vimiminie upawa wa maziwa ya moto huku ukikoroga, kisha upawa wa pili, ndipo urudishe vyote sufuriani. Moto uwe mdogo sana. Kijiko cha mti kikitoka kimefunikwa utando mwembamba wa uji, epua. Kwaruzia kungumanga juu, halafu mimina kutoka jagi hili kwenda lile mara nyingi, kwa urefu kadiri mkono unavyoruhusu bila kuunguza mtu. Povu litakuja lenyewe, bila krimu ya kopo.

Anayetaka kukaribia zaidi kile cha London aache maziwa kabisa, kwa kuwa maelekezo ya 1594 hayana maziwa, na atumie kinywaji cha kimea kisicho na kilevi. Apunguze sukari kwa nusu, kwani vinywaji hivyo huwa vimeshatiwa. Anayefikiria kutumia bia halisi na kuwapa watoto kwa kuwa imepikwa, asifanye hivyo. Kilevi hakiishi chote motoni, hasa katika chungu ambacho hakiruhusiwi kuchemka.

Na karafuu nunua nzima, usinunue ya unga. Ibane kwa ukucha kabla ya kulipa: nzuri hutoa mafuta. Ikiwa kavu na nyepesi kama kijiti, mafuta yake yameshakamuliwa, na hakuna kiasi cha sukari kitakachoficha hilo kikombeni.