Maumivu ya Mkono Yatokayo Shingoni

Somo letu la leo ni historia ya ugonjwa mmoja uliowadanganya waganga na madaktari kwa muda mrefu.

Matongo, katika wilaya ya Tarime, ni mahali pa dhahabu. Kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza kazi mwaka 2002, wachimbaji wadogo walipasua miamba kwa nyundo, na hata sasa wapo wanaobeba mawe kwa magunia. Mbebaji akishikwa na maumivu yachomayo kama moto toka begani hata vidoleni, na vidole vikafa ganzi, huomba achuliwe mkono. Ndio unaouma, na ndio unaomlisha.

Msimcheke. Madaktari wa Ulaya na Marekani nao waliutibu mkono huohuo, wakisema mishipa yake ya fahamu ina uvimbe. Mwaka 1934 Mixter na Barr wa Boston walionyesha kwamba ile sahani ya gegedu iliyo kati ya pingili mbili za uti wa mgongo huweza kupasuka, ikabana mzizi wa mshipa wa fahamu. Lakini watu walifikiri zaidi habari za kiuno na mguu. Mwaka 1943 Semmes na Murphey wa Memphis wakaeleza habari za wagonjwa wanne ambao maumivu yao yalifanana na ya moyo. Kumbe mshipa ulibanwa shingoni!

Tangu hapo mikono ya mtibabu ilijua mahali pa kwenda. Kuvuta uti wa mgongo ni dawa ya kale, tangu Hippocrates wa Ugiriki. Jambo jipya lilikuja mwaka 1979, Elvey wa Australia alipoonyesha jinsi ya kuupima mshipa wa fahamu kwa kuunyosha mkono. Mshipa huo hauna budi kuteleza njiani mwake, mfano wa kamba ndani ya ala. Basi mtibabu husogeza pingili za shingo upande, taratibu, naye mgonjwa hupewa mazoezi. Faida yake ni ya kiasi, nasema kweli. Lakini wengi hupona bila kisu, baada ya majuma au miezi.

Kuivunja shingo kwa ghafula ili ilie “ko!” ni jambo jingine: mshipa wa damu uendao kwenye ubongo huweza kuchanika. Na mkono ukizidi kulegea, au miguu ikianza kuyumba, asichuliwe tena. Apelekwe hospitali siku ileile.