Mipaka ya Mkono wa Dola: Operesheni Vijiji katika Pwani ya Tanzania na Funzo la Michezo ya Kuendesha Makazi

Utangulizi

Insha hii inajadili swali la kihistoria kuhusu mamlaka: je, anayepanga makazi ya watu apewe uwezo kiasi gani wa kuwaamuru? Swali hilo linachunguzwa kupitia Operesheni Vijiji, iliyobadili sura ya vijiji vya Tanzania katika miaka ya 1970, hususani katika mazingira ya Pwani, yakiwemo maeneo ya Kibaha na Kisarawe ambako jina la Gwata linapatikana. Hoja kuu ni kwamba mipaka ya mamlaka ya mwenye kupanga ndiyo njia inayomfikishia habari za kweli. Anapoivunja, amri yake huongezeka lakini maarifa yake hupungua.

Ulinganisho na michezo ya kompyuta

Tangu mchezo wa SimCity ulipotolewa mwaka 1989, michezo ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa miji na makoloni imempa mchezaji nafasi ya kutazama makazi kutoka juu. Baadhi ya wabunifu, hata hivyo, waliamua kumpunguzia mchezaji huyo amri. Katika Majesty, mchezo wa mwaka 2000, mchezaji ni mfalme asiyeweza kuwaelekeza mashujaa wake moja kwa moja; hutangaza zawadi na kusubiri atakayevutiwa. Katika Dwarf Fortress, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2006, mchezaji huonyesha mahali pa kuchimba au kujenga, lakini kazi hufanywa na wakazi wenye njaa, huzuni na hasira zao. Mchezaji hulazimika kuwasoma watu kabla ya kuwapangia. Ulinganisho huu una kikomo chake, kwa kuwa mkazi wa mchezoni hapotezi shamba wala kaburi la babu yake. Hata hivyo, unasaidia kuliona tatizo kwa uwazi.

Kutoka hiari hadi amri

Sera ya vijiji vya ujamaa ilianza kwa kuitambua mipaka hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, andiko la Mwalimu Nyerere kuhusu ujamaa vijijini lilisisitiza hiari na ushawishi. Mwaka 1968, katika andiko kuhusu uhuru na maendeleo, alieleza kuwa watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 nao ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau.

Utekelezaji ulichukua mwelekeo mwingine. Mwaka 1969 Chama kiliivunja Ruvuma Development Association, ushirika wa vijiji ulioanzishwa na wakulima wenyewe. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo cha kukamilisha kazi hiyo. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 iliweka kipimo cha kaya zisizopungua 250 kwa kijiji. Kipimo hicho kilimfaa ofisa mwenye kuhesabu. Hakikueleza chochote kuhusu udongo, maji au umbali wa kufika shambani.

Bonde na mikorosho

Mkoa wa Pwani wa leo ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuonja uhamishaji mkubwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wa bonde la Rufiji walihamishiwa sehemu za juu. Kwa aliyetazama kutoka ofisini, bonde lilikuwa hatari tupu. Kwa mkulima, mafuriko yaleyale ndiyo yaliyoleta rutuba na kuwezesha kilimo cha mlau, yaani kupanda maji yanapopungua. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, wakiishi kwa muda katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Walikuwa wakazi wa kijiji kipya katika daftari, lakini riziki yao ilibaki bondeni.

Katika Uzaramo, makazi ya kutawanyika yalikuwa na mantiki yake. Minazi, miembe na mikorosho iliyozunguka nyumba ilikuwa akiba, urithi na ushahidi wa haki ya mtu juu ya mahali. Kumwamuru mkulima asogee karibu na barabara kulikuwa kumtenga na miti aliyoipalilia na kuilinda kwa miaka. Kitaifa, uzalishaji wa korosho ulishuka kutoka takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana. Hata hivyo, watafiti wengi wanauhesabu uhamishaji kuwa miongoni mwa sababu, kwa kuwa mikorosho iliyoachwa mbali iligeuka kichaka.

Göran Hyden, katika kitabu chake cha mwaka 1980, alidai kuwa dola ilishindwa kumteka mkulima mdogo kwa sababu aliweza kujitegemea bila dola hiyo. James Scott, mwaka 1998, alisisitiza upande wa pili: dola ilitaka kijiji kinachoonekana na kuhesabika, ikapuuza maarifa ya wenyeji. Hoja hizi zinakamilishana. Mkulima aliyenyimwa nafasi ya kukataa waziwazi alikataa kwa miguu, kwa jembe na kwa ukimya, na ukimya huo ulisomwa juu kama utii.

Kurejeshwa kwa mipaka

Mipaka ilirejeshwa kwa njia ya mahakama na sheria. Mwaka 1992 Bunge lilipitisha sheria iliyofuta haki za kimila katika ardhi ya vijiji vilivyoanzishwa na Operesheni. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, ilitamka kuwa haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikabatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilithibitisha ugawaji uliofanyika wakati wa Operesheni, lakini pia iliizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Hitimisho

Nyerere alifundisha mwaka 1969 kuwa kupanga ni kuchagua. Historia ya Operesheni Vijiji inaongeza swali: nani anachagua? Kwa Kibaha na Kisarawe, ambako ardhi iliyo jirani na Dar es Salaam inazidi kutamaniwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali ambapo mwanakijiji anaweza kusema hapana na jibu lake likaandikwa katika muhtasari. Mkutano unaoitishwa ili kupiga muhuri tu huirudisha dola katika ujinga uleule wa mwaka 1974: makazi yanaonekana yote, lakini wanayoyajua wakazi wake hayamfikii anayeamua.