Mwajiri Yuko Wapi Mwaloni? Malezi ya Watoto na Biashara ya Chisense Ziwa Mweru

Mjadala wa malezi nafuu kwa wazazi wanaofanya kazi umezoea kuanzia mlangoni kwa mwajiri. Sheria ya ajira ya Zambia ya 2019 inampa mama likizo ya uzazi ya wiki 14, au 18 akijifungua mapacha; baba anapata siku 5; na kwa miezi 6 anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa au moja la saa nzima kila siku. Kenya nayo, kwa Sheria ya Afya ya 2017, iliwataka waajiri watenge vyumba vya kunyonyeshea. Ni mambo mema, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na dhana inayoyabeba: kwamba kila mzazi mfanyakazi ana mtu wa kumdai. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kuwa asilimia 85.8 ya ajira barani Afrika si rasmi. Mwanamke wa Kashikishi, wilayani Nchelenge kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, au wa Kisiwa cha Kilwa ziwani humo, amdai nani?

Swali hilo ni gumu kuliko linavyoonekana, na ugumu wake umo ndani ya chisense, dagaa wa Ziwa Mweru. David Gordon, katika *Nachituti's Gift* (2006), ameeleza jinsi uvuvi huo ulivyokua baada ya samaki wakubwa kupungua, na jinsi wanawake walivyoingia kwa nguvu mahali ambapo wanaume walikuwa hawajajimilikisha kila kitu. Wengi walinunua na kuanika. Baadhi walimiliki nyavu na kuwaajiri vijana wa kuvua. Hapo sheria inageuka kichekesho. Mwanamke mwenye nyavu, kwa macho ya sheria, ndiye mwajiri. Akiwa na mtoto wa miezi minane mgongoni, yeye ndiye mdaiwa wa malezi, si mdai.

Tazama pia saa za kazi yenyewe. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, hasa giza la mwezi likiingia. Mitumbwi hurudi alfajiri. Samaki lazima wamwagwe mchangani, watandazwe na kugeuzwa jua likiwa kali, na mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji umeoza. Hakuna saa ya mapumziko inayoweza kukatwa katikati ya shughuli hiyo. Anayebaki na mtoto ni dada yake mkubwa, yule aliyepaswa kuwa darasani. Wapo wanaonijibu kuwa bibi yupo. Kwa baadhi ya kaya yupo. Lakini kambi za uvuvi hujazwa na wahamiaji, na bibi wa mhamiaji amebaki kijijini.

Mfano wa mwajiri mlezi tunao, na uko jirani. Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, nchini Kongo, tangu mwisho wa miaka ya 1920 iliwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ikagharimia kliniki za watoto wachanga ili ipate nguvu kazi ya kesho. Samaki waliolisha kambi hizo walitoka Luapula na Mweru, kupitia wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga. Familia ya mla samaki ilitunzwa. Ya mvuvi haikumhusu mtu. Wanaotaka leo kulikabidhi suala hili kwa waajiri wakubwa wanarudisha mgawanyo uleule, nadhani bila kukusudia.

Kambi ya pili inasema shule itatosha. Mwaka 2004 Zambia iliihamishia elimu ya awali Wizara ya Elimu kutoka wizara ya serikali za mitaa, na hatua hiyo husifiwa mno. Ilileta mtaala, sikatai. Lakini darasa la awali huanza na mtoto wa miaka 3. Wa chini ya hapo, ambaye ndiye anayemfunga mama mikono, alipotea katika uhamisho huo.

Napendekeza wajibu ufungwe kwenye mwalo, si kwenye mkataba wa kazi. Halmashauri hutoza ushuru wa samaki. Sehemu yake ilipe walezi wa vituo vya mchana karibu na maanikio. Utaniambia mzigo utawaangukia wanawake walewale. Ndiyo, ila ushuru tayari wanautoa, na hoja yangu ni unakokwenda. Pingamizi zito zaidi ni msimu: kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na mapato hukauka. Malipo ya walezi ya kila mwezi hayawezi kuishi katika kalenda hiyo. Hapo ndipo mfuko wa maendeleo wa jimbo, uliopandishwa mwaka 2022 hadi kwacha milioni 25.7, ungeziba pengo.

Je, wanawake watavitumia vituo? Huko Korogocho, Nairobi, Shelley Clark na wenzake (2019) waliwapa akina mama vocha za kituo cha watoto. Uwezekano wao wa kuwa na kazi ukapanda kwa pointi 8.5 za asilimia, na wasio na wenzi walihamia kazi za saa chache bila kupoteza kipato. Korogocho si Nchelenge. Kule kazi ilikuwa ya kutafutwa; mwaloni kazi ipo tayari, hivyo nategemea faida ionekane kwanza kwenye chisense wasiooza na kwenye mahudhurio ya shule ya dada mkubwa. Kwa sharti moja: kituo kifunguliwe kabla mitumbwi haijarudi. Kikifunguliwa saa mbili asubuhi, kwa saa za ofisi ya halmashauri, dada atakuwa ameshachelewa shule.