Msasa, Mafuta na Mstari wa Katikati

Wageni wanaokuja Mantapala hupenda vinyago vyeusi vinavyong'aa. Vingi vimepakwa kiwi ya viatu. Siwalaumu wachongaji wetu, unga unataka pesa. Lakini wengi wetu tuliovuka kuja huku Nchelenge, toka Pweto mpaka kule Moba, tumetoka kwa Watabwa na Waluba, na kwao kumalizia sanamu ni kazi yenye historia.

Mchongaji alianza na tezo, kisha kisu. Mti ulikaushwa polepole kivulini usije ukapasuka. Halafu likaja jani: lile jani la mti wa msasa, linalokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Kumbe hata ile karatasi ya dukani tunaiita msasa kwa sababu ya mti huo! Mwisho ni mafuta, yanapakwa, yanaachwa yanywe, yanapakwa tena. Weusi wa sanamu za zamani umetokana na mafuta hayo na mikono iliyozishika miaka na miaka. Kiwi inakaa juu tu; jasho la mkono likiigusa, inatoka.

Na michoro je? Watabwa waligawa mwili kwa mstari wa katikati, mulalambo. Neno hilohilo hutaja pia mgongo wa milima unaogawa maji. Pembeni zinapangwa pembetatu, balamwezi, yaani kuchomoza kwa mwezi mpya. Si urembo wa kujazia nafasi. Ni chanjo zilezile watu walizobeba ngozini, kwa hiyo sanamu ilivaa ngozi ya wenyewe.

Desemba 1884, watu waliotumwa na Émile Storms, Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala, walimuua chifu Lusinga. Walimkata kichwa, wakachukua na sanamu ya wazee wake. Kichwa kilipelekwa Ubelgiji. Sanamu nayo iko hukohuko, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Watu wanakwenda kuisifia ulaini wake, na mikono iliyoufanya huo ulaini ilikuwa ya kwetu.

Hapa vijana wanachora kwa makaa juu ya gogo kabla ya kuchonga. Wengi wanaanza na macho. Mimi nawaambia: anza na ule mstari wa katikati, macho yatapata mahali pake. Na majani ya msasa tunayatafuta porini, bure.