Rangi na Mawe: Kumbukumbu za Wanajamhuri wa Ireland ya Kaskazini

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kuchora ukutani katika Ireland ya Kaskazini kulikuwa haki ya upande mmoja. Tangu 1908, Waprotestanti wa Belfast waliotaka kubaki chini ya Uingereza walimchora Mfalme William wa Tatu juu ya farasi mweupe, kuadhimisha ushindi wake wa 1690 kwenye mto Boyne. Ireland ilipogawanywa mwaka 1921, michoro hiyo ikawa pambo la dola yenyewe. Wakatoliki waliotaka jamhuri moja ya kisiwa kizima hawakuwa na ruhusa hiyo. Sheria ya mwaka 1954 iliwapa polisi mamlaka ya kuondoa alama yoyote waliyoona ingevuruga amani, isipokuwa bendera ya Uingereza.

Basi walionyimwa picha walianza na maneno. Januari 1969, katika mtaa wa Bogside mjini Derry, ubavu wa nyumba uliandikwa tangazo la kumwambia mpita njia kwamba sasa anaingia Derry huru. Nyumba zilibomolewa baadaye, ukuta ukaachwa umesimama peke yake. Maneno yake hayabadilishwi, ila rangi ya nyuma yake hubadilika kila linapozuka jambo ambalo wakazi wanataka kuliunga mkono.

Kuandika ukutani kulikuwa hatari. Mwaka 1980 kijana wa miaka 16 alipigwa risasi na polisi mjini Belfast akiwa na brashi mkononi, akafa. Ndiyo maana maandishi ya miaka hiyo yalikuwa mafupi, ya kuandikwa upesi na kukimbiwa.

Mwaka 1981 mambo yaligeuka. Wafungwa wa IRA, jeshi la siri la wanajamhuri lililopigana na utawala wa Uingereza, na wenzao wa INLA, kundi dogo la aina hiyo hiyo, walisusia chakula katika gereza la Maze, wakidai wasihesabiwe kuwa wahalifu wa kawaida. Bobby Sands, mwenye umri wa miaka 27, alichaguliwa kuwa mbunge tarehe 9 Aprili akiwa kitandani gerezani, akafariki tarehe 5 Mei baada ya siku 66. Wenzake 9 walimfuata kaburini. Vijana wa mitaa ya Wakatoliki, wengi wao wasio na mafunzo yoyote ya sanaa, walishika brashi. Picha zao za kwanza ziliazima lugha ya kanisa: rozari, Bikira Maria, mfungwa aliyekonda kama Kristo msalabani. Kifo ambacho serikali ilikiita kujiua, ukuta ulikiita ushahidi wa imani.

Baadaye zikaja picha za bunduki, kisha za kampeni za uchaguzi za Sinn Féin, chama cha siasa kilichoshirikiana na IRA. Kati ya 1988 na 1994 serikali ilipiga marufuku sauti za wasemaji wa chama hicho redioni na kwenye televisheni, na ukuta ukafanya kazi ya gazeti. Askari wa Uingereza walilitambua hilo. Walirushia michoro chupa za rangi usiku, nao wachoraji wakairudia mchana. Danny Devenny, aliyekuwa mfungwa pamoja na Sands, alichora uso wa rafiki yake ukitabasamu kwenye ofisi ya Sinn Féin iliyoko barabara ya Falls, katika eneo la Wakatoliki la Belfast. Karibu na hapo, ukuta mrefu umewahi kubeba picha za Nelson Mandela, Palestina, na Frederick Douglass, Mmarekani aliyetoroka utumwa na kuhutubia Belfast mwaka 1845. Wanajamhuri walitaka kujionyesha kuwa jamaa wa kila aliyetawaliwa.

Udugu huo una mzizi wa kweli katika Afrika. Uwanja wa michezo wa Casement Park, magharibi mwa Belfast, una jina la Roger Casement. Akiwa balozi mdogo wa Uingereza, Casement alifichua mwaka 1904 ukatili wa uvunaji wa mpira wa miti katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Waingereza walimnyonga mwaka 1916 kwa kutafuta silaha za Ujerumani kwa ajili ya maasi ya Ireland.

Baada ya mkataba wa amani wa 1998, bunduki zilipungua ukutani na mawe yakaongezeka mitaani: bustani za kumbukumbu, mabamba ya majina, misalaba ya Kiselti. Rangi huhitaji kurudiwa, na kila inaporudiwa huweza kubishaniwa upya. Jiwe hufunga mjadala, nalo huchagua wafu wake. Vita vilivyomalizwa na mkataba huo viliua zaidi ya watu 3,500, na karibu nusu yao waliuawa na IRA. Hao hawamo katika bustani za Falls, kama vile waliouawa na wanamgambo wa Kiprotestanti wasivyomo katika kumbukumbu za Shankill, mtaa wa Waprotestanti. Mgeni anayetaka kuijua historia ya Belfast hana budi kusoma mitaa yote miwili, kwa sababu kila mmoja umeandika majina ambayo mwingine umeyaacha.