Kalehe: kulia mtu ambaye mwili wake haukuonekana

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya nne, siku ya soko kule Nyamukubi. Mvua kubwa ilinyesha mu milima ya teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Mito ikafurika, na maji yenye matope na mawe yakashukia Nyamukubi na Bushushu, pembeni ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wengi walizikwa haraka mu makaburi ya pamoja, na tarehe 8 Mei ikawa siku ya maombolezo ya taifa. Lakini hiyo ni hesabu ya miili iliyoonekana. Maelfu ya wengine waliandikwa tu kama watu wasiojulikana walipo.

Huzuni ya familia hizo haifanani na ya wale waliozika. Mu Kivu matanga inaanzia kwa mwili: wanauosha, wanauvalisha, wanakesha nao, wanauzika. Mwili ukikosekana, ndugu hawajui waanzie wapi. Mama anaendelea kuwekea mtoto chakula. Baba anakataa kuhama juu bibi yake akirudi hatamkuta. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba ni kichaa. Siyo kichaa.

Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani, alichunguza hali hiyo tangu miaka ya 1970 kwa familia za wanajeshi waliopotea mu vita ya Vietnam. Aliona kwamba kumlazimisha mtu akubali haraka kunamuumiza zaidi. Mtu anaweza kubeba mawazo mawili pamoja: labda amekufa, labda bado. Na huku anaendelea kulima na kupeleka watoto kwa masomo.

Kwa hiyo maneno kama «sahau», «jikaze» ao «ni mapenzi ya Mungu», hata yakisemwa kwa roho nzuri, mara nyingi yanamfunga mtu kinywa. Kinachosaidia zaidi ni kuketi naye, kumsikiliza bila kumchokonoa aeleze alichoona, na kumfikisha penye msaada. Familia inaweza pia kufanya matanga bila mwili: kukusanyika, kutaja jina la mtu, kusali, kupanda mti mahali nyumba ilikuwa. Ila wenyewe ndio wachague siku. Padri, mchungaji ao shehe asiwaharakishe.

Mvua ikirudi, mwili nao unakumbuka. Roho inadunda, usingizi unapotea, mtu anatoka inje usiku kusikiliza mto. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kwa kitanda anaanza tena. Kwa watu wengi mambo hayo yanapungua kadiri majuma yanavyopita. Mtoto asiambiwe kwamba mama ameenda safari, juu atamngojea, na siku akijua ukweli hataamini tena wakubwa. Aambiwe kwa maneno mafupi: maji yalimbeba, tulimtafuta, hatukumuona.

Wanaume wanasahaulika sana hapa. Wamama wanalia pamoja kisimani ao mu likelemba. Baba anaenda peke yake kwa kasigisi, na watu wanasema tu ni mlevi.

Ikiwa mtu hali, halali, hawezi kazi kwa muda unaopita mwezi, ao anasema afazali angekufa naye, asiachwe peke yake. Apelekwe kwa kituo cha afya mara moja. Muuguzi anaweza kumtuma kwa psikologi. Kwa kutafuta ndugu waliopotea, Msalaba Mwekundu unaandika majina na kufuatilia.

Inabaki swali la karatasi, ambalo wajane wengi wanaogopa. Kodi ya Familia ya Kongo inaruhusu hakimu kutangaza kifo cha mtu ambaye mwili haukuonekana, kama mazingira yanaonyesha wazi alikufa. Bila hukumu hiyo, kupigania parsele ao uriti kunakuwa vigumu. Kwa wengine kuomba karatasi hiyo ni sawa na kumuua mume mara ya pili. Ndiyo maana inafaa mjane asiende tribinali peke yake: aende na shemeji ao dada, na siku hiyo asirudi mu nyumba tupu.